Ruhusa ya Kutosalimia

Mimi ni mkali wa salamu, sioni haya kusema. Ukipita mbele ya baraza langu hapa Mwanga kimya kimya, naacha cherehani nakuita. Elikana, mtoto wa marehemu kaka yangu, nilimlea mimi, na salamu nilimfundisha mimi.

Elikana anavua dagaa kwa taa usiku kucha, kwa hiyo kulala kwake ni mchana. Usingizi ukaanza kumpiga chenga. Akawa anameza vidonge vya mafua, vile vinavyosinzisha, saa sita mchana. Kwanza kimoja, halafu viwili. Usiku mmoja akasinzia na kamba mkononi, nusura atumbukie ziwani. Thobias, mkuu wa mtumbwi wao, alikasirika. Mbalamwezi ilikuwa inaanza, siku ambazo taa haivuti dagaa na wavuvi hupumzika. Akamwambia, "Giza likirudi nakupa usiku mmoja. Ukisinzia tena, tafuta kazi nyingine."

Nikamburura hadi duka la dawa la Catherine, nikataka vidonge vikali zaidi. Catherine akakataa. Nikamfokea, naye akanivutia kiti tu, kisha akamgeukia Elikana.

"Mnafika ufukweni saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Unalala saa ngapi?"

"Saa sita."

"Saa tano hizo unafanya nini?"

Elikana akanitazama mimi kwanza. "Nasalimia."

Ni kweli. Salamu zetu Waha haziendi mbio. Unapiga makofi, unauliza watoto, mihogo, mguu wa bibi, na kutoka ufukwe wa Kibirizi hadi kwangu nyumba ni nyingi.

"Dawa ya saa sita, jioni bado imo mwilini," Catherine akasema. "Ndiyo inayokusinzisha ziwani. Iache. Na hiyo kali ni ya kuandikiwa na daktari, si ya kununua kwangu. Wewe jua na maongezi ndivyo vinavyokufukuzia usingizi. Vaa kofia, nenda moja kwa moja nyumbani, ziba dirisha kwa blanketi. Kahawa kunywa jioni kabla ya kazi, si asubuhi. Na usisalimie mtu."

"Mtoto wangu aonekane hana adabu?" nilipayuka.

Sasa sikiliza alichofanya mwanamke yule. Kesho yake alifunga duka, akashuka hadi Kibirizi, akapanda nyumba kwa nyumba akipiga makofi na kumwombea Elikana ruhusa. Mzee Nikodemu ilibidi aelezwe mara tatu, maana mzee alishikilia kwamba hata wachawi husalimia. Kwangu alifika mwisho, viatu vyekundu kwa vumbi.

"Shangazi, wote wamekubali. Umebaki wewe."

Nilikuwa nimenuna, lakini nilimpenda palepale. Nikakubali.

Giza likarudi. Elikana akalala mchana kutwa bila kidonge, jioni akaenda ziwani. Mimi ndiye ambaye sikulala.

Asubuhi nikamwona anakuja, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Akapita mbele yangu. Hakuniamkia, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema. Niliuma ulimi. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Nyuma yake akaja Thobias na ndoo ya dagaa. "Shikamoo, shangazi. Leo kamba aliishika yeye mpaka kunakucha. Jioni tunaondoka naye."

Nikamjibu, akaenda zake. Kisha nikasogea hadi kwenye mlango ule uliofungwa. Ndani alikuwa anakoroma.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, polepole, nisimwamshe.