Mtoto wa Mama Eulalia

Wifi yangu Obdulia alianza uchokozi kabla hatujashuka kwenye treni.

"Mshike vizuri huyo Mtoto, wifi. Mikono yako naijua, haijawahi kushika kitu kikapona."

"Mikono hii ndiyo inayomwogesha mama yako," nikamjibu. "Ya kwako huwa iko wapi?"

Mume wangu Fermín akajitia kusoma tangazo la dawa ya meno. Ndivyo alivyo. Mkewe na dada yake wakikabana koo, yeye hupata hamu ya kusoma.

Huyo Mtoto ni sanamu ya Mtoto Yesu, ya plasta, ambayo mama mkwe wangu, Mama Eulalia, aliachiwa na mama yake. Kila mwaka, kabla ya sikukuu yake ya tarehe mbili Februari, tunampeleka kwenye soko la mtaa wa Talavera avishwe nguo mpya, kisha ukoo mzima huja nyumbani kumwona na kula tamale, zile za unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda. Mwaka huu mama mkwe alitamka mezani kwamba macho yamemwisha, na siku ya soko atasema Mtoto abaki kwa nani. Atakayeachiwa Mtoto kaachiwa ukoo, maana sikukuu itakuwa kwake na neno la mwisho litakuwa lake. Mimi miaka yote nimeishi nyumba ile kama mpangaji. Nilimtaka yule Mtoto, sifichi.

Talavera palikuwa pamefurika. Kila mtu na Mtoto wake kifuani, moshi wa mahindi machoni, wachuuzi wakipiga kelele, "Karibu mrembo, kuuliza bure!" Mimi nimemshika mama mkwe mkono huu, Obdulia ule, tunamvuta huku na huku.

Kwa fundi wa mavazi sanamu zilikuwa zimelazwa mezani, zote uchi, zikingoja zamu. Nikamlaza wetu.

"Avae udaktari," akasema Obdulia.

"Kanzu nyeupe. Ndiyo mama anayoipenda."

"Wewe utajuaje anachopenda mama? Umeolewa tu pale, hukuzaliwa."

"Heri aliyeolewa akakaa kuliko aliyezaliwa akatoroka!"

Watu wakageuka. Mama mkwe akasema, "Jamani, basi," lakini nani alimsikia? Obdulia kavuta koti la daktari, mimi nimeng'ang'ania kanzu, fundi katikati anatokwa jasho. Mwisho akachoka nasi, akamvika Mtoto kanzu, akamtundika kipimo cha daktari shingoni, akatusukumia. Tukamdaka wote wawili kwa pamoja.

"Nipeni," akasema mama mkwe.

Akapitisha kidole gumba chini ya kanzu, hadi mguu wa kushoto. Uso ukambadilika.

"Huyu ana vidole vyote."

"Ati?"

"Wangu hana kidole kidogo. Nilikivunja mwenyewe nikiwa mtoto, nikachapwa. Huyu mmemtoa wapi?"

"Wewe ndiye uliyemlaza pale!" Obdulia akanirukia.

"Na wewe ndiye uliyempokea!"

Fermín hakuwa na tangazo la kusoma, akatazama viatu vyake.

Upande wa pili wa meza, binti mmoja alikuwa amemkumbatia Mtoto wetu, angali uchi, akimuuliza kila mtu, "Samahani, huyu si wangu. Nani kachukua wangu?"

Mama mkwe akaifuata sauti yake. "Umejuaje, mwanangu?"

"Nilipomshika tu, mama. Wangu namfuta vumbi kila siku, nitaachaje kumjua?"

Wakabadilishana. Mama mkwe akapapasa ule mguu, akamfunga Mtoto wake ndani ya shali, kifuani. Obdulia, asiye na haya, akauliza, "Sasa mama, abaki kwa nani?"

"Mnampigania na hata miguu yake hamuijui. Siku ya kunizika, nizikeni naye."

Maneno yale yalinichoma. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye ninayemkata kucha, kwamba vidole vyake yeye navijua kimoja kimoja. Lakini vya Mtoto sikuvijua, na ndivyo nilivyoulizwa.

"Umefurahi, wifi?" Obdulia akaninong'oneza.

"Nyamaza, mshenzi wewe."

Tulipofika kwenye ngazi za kushuka kituo cha treni, nikanyoosha mkono nimshike mama mkwe, kama ninavyomshika siku zote. Akausukuma, akapapasa hewani mpaka akaupata ukuta, akashuka nao.