Kusoma Midomo Kiwandani

Kiwanda chetu cha nguo kilijengwa kando ya mto kabla mama yangu hajazaliwa. Mto ulizungusha mitambo, na mitambo ikatuzungusha sisi. Babu alibeba matofali yake, mama alifuma humo hadi masikio yakafa, na mimi nikaingizwa nikiwa na miaka kumi na miwili, bila kuulizwa. Nyumba zetu zote ni mali ya kiwanda, na sharti lake halina mjadala: vyumba viwili, watu wawili kazini. Mmoja akiondolewa, mnahama.

Kwa hiyo nyumba yetu ilisimama juu ya kifua cha mume wangu, Clovis, nacho kilikuwa kimeoza kwa miaka ishirini na mitatu ya vumbi la pamba. Usiku alikohoa akiwa amejifunika taulo usoni, majirani wasimsikie.

Yeye alikuwa chumba cha kuchambulia pamba, mimi nafuma. Kwetu kuna kelele kiasi kwamba kupaza sauti ni kujichosha tu. Wafumaji tunasemezana kwa midomo bila sauti, na tunasomana. Mwenzangu aitwaye Ila Mae, wa mitambo ya jirani, anaweza kuusengenya mji mzima akiwa hatua ishirini kutoka kwako.

Jumatano ile alinipungia. "Verdie, mumeo kaitwa ofisini. Anataka ubosi, au nini?"

Ofisi ya msimamizi, Bwana Tolleson, ina dirisha la kioo linalotazama kwetu. Clovis alikuwa amenipa mgongo, kofia mkononi. Uso wa Tolleson niliuona wote.

"Daktari kaniambia, Clovis. Mapafu yako yamekwisha. Ijumaa ndiyo mwisho."

Mabega ya Clovis yalisogea. Nadhani alikuwa akiomba.

"Mkeo mfumaji mzuri, sikatai. Lakini sharti unalijua. Mwisho wa mwezi naitaka nyumba."

Nilitaka kukimbilia mle ndani. Lakini nilikuwa na mitambo minane, na uzi ukakatika kwenye wa tatu. Kuiacha ni kufukuzwa, na sasa mkate wetu ulikuwa mikono yangu tu. Nikaufunga uzi. Nilijichukia, lakini niliufunga.

Clovis akatoka, akasimama mlangoni mwa chumba chetu cha kufumia, akatabasamu. Midomo aliijua kwa kiasi cha kutaniana na mkewe tu. Haikumpitia akilini kwamba lile dirisha nasi tunalisoma.

"Mke wangu," alisema bila sauti, polepole. "Habari njema. Wananihamishia uani. Kazi nyepesi, hewa safi."

Mwenzangu Ila Mae, aliyelisoma dirisha pia, akainamia mtambo wake.

"Mungu ashukuriwe," nikamjibu. "Na nyumba?"

"Nyumba ina nini? Si ulisema unataka kupanda maharage? Leo nakulimia."

Akaondoka akiwa amenyoosha mgongo, na nikajua ananyoosha kwa ajili yangu.

Jioni nilimkuta nyuma ya nyumba, matuta manne tayari, ameshikilia jembe ili asianguke. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja mwezi kwisha. Nilichota mbegu za maharage nikaanza kupanda, yeye akifukia nyuma yangu, akikohoa, akinieleza jinsi tutakavyoyapika.