Koili ya Mia Nne

Mama Rangi alitia mkono ndani ya pipa la kutilia nguo rangi, akautoa bila haraka. Hata maji ya kumwogeshea mtoto yangekuwa na moto zaidi. Koili mpya ya kuchemshia maji ilikuwa imewashwa tangu asubuhi, na sare thelathini za kwaya, zilizotakiwa kuwa bluu iliyokolea, zilikuwa na bluu ya kukata tamaa.

"Baba watoto, umenunua koili au bangili?" alimuuliza mumewe.

"Dukani kulikuwa na ya volti mia mbili thelathini na ya mia nne," mume alijitetea. "Nikachukua kubwa. Mimi sibahatishi!"

Mama Rangi hakutaka maneno mengi. Alimpigia simu wifi yake, dada wa huyo huyo mume, fundi umeme wa kiwandani. Wifi alifika saa tisa na mkoba wake wa zana. Alizima swichi kuu, akafungua kifuniko cha koili, akasoma bamba lake, kisha akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

"Kaka, namba hii si moto anaokupa huyu koili, ni umeme anaoutaka. Anataka mia nne, na hapa kwenu anapata mia mbili thelathini. Basi anatoa theluthi tu ya moto wake."

"Theluthi?" Mama Rangi alishangaa. "Si anapata zaidi ya nusu?"

"Volti ikipungua, na mkondo wa umeme unapungua, na moto hutokana na vyote viwili. Unapunjwa mara mbili, wifi."

Mume alikuna kichwa. Ghafla uso ukamng'aa. "Basi nikanunue ya mia moja na kumi! Huyo tutamshibisha!"

"Utamshibisha mpaka apasuke. Ataiva mwekundu dakika chache, kisha akate roho."

Mama Rangi alikuwa amepania kununa hadi jioni, lakini kicheko kilimtoka puani.

Wifi alimwongoza kaka yake dukani kama anayempeleka mtoto shule. Wakarudi na koili ya kilowati tatu kama ile ya kwanza, ila ya volti mia mbili thelathini. Haikupita saa moja pipa likaanza kunguruma. Sare zikarudi ndani, mume akakabidhiwa mwiko mrefu, akakoroga huku jasho likimtiririka, na bluu ikakolea barabara.

Jua lilipoelekea kuzama, mume alizunguka nyumba nzima akisoma vibandiko vya pasi, feni na redio.

"Mia mbili thelathini!" alitangaza kutoka kila chumba.

Mama Rangi, mikono bluu hadi viwikoni, aliendelea kuanika sare, akimwitikia kila mara: "Hongera, fundi!"