Chipu Isiyotupa Kitu

Jumamosi asubuhi, katika karakana yake ya Gikondo, Damascène alipanga chipu tatu juu ya kitambaa cheupe, akazipangusa vumbi kwa mswaki wa meno, akaanza kuchagua. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Bibi Mukandekezi wa Rebero alikuwa anatimiza miaka themanini kesho yake, na zawadi pekee aliyoitaka ni kuona kanda ya harusi ya mwanawe Kagabo, ya mwaka 1999. Deki ya zamani inatoa picha kwa waya mmoja wa njano. Projekta ya kuazima kanisani, tundu lake la njano lilishakufa. Yamebaki matatu, la kijani, la buluu na jekundu.

Ndani ya waya wa njano mwanga na rangi husafiri pamoja, kama wali na maharage yaliyopikwa sufuria moja. Lazima pawe na chipu ya kuvitenga, na hapo ndipo mafundi wengi huharibu: wananunua ya bei rahisi, halafu bibi harusi anatokea na midomo iliyomwagika hadi shavuni.

Chipu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyohiyo, akaitupa koponi. Ya pili, mpya, ya kutoka duka moja la Muhima, ilikuwa na akili. Ililinganisha kila mstari wa picha na jirani yake, na kile isichokitambua ikakihesabu uchafu, ikakifuta. Harusi ikatoka safi, unaweza kuhesabu shanga za shangazi. Ya tatu ameing'oa kwenye televisheni kuukuu ya Kijapani. Hii haikutupa kitu. Picha yake ilikuwa na nukta zinazotambaa pembeni mwa nguo za watu, na kati ya shangazi na kreti la Fanta alikuwa ameketi Ariane, dada yake Kagabo, amevaa gauni la zambarau.

Damascène alijua kwamba hakumpiga picha. Mpiga picha wa siku ile alikuwa yeye mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na miwili, na Kagabo alimwambia mlangoni bila kuzungukazunguka: "Kamera yako isimwone dada yangu." Ariane alikuwa amekonda. Enzi hizo watu waliogopa hata kikombe alichonywea mgonjwa kama yeye. Wakamweka chumba cha nyuma na sahani yake, na Damascène, mwoga wa Mungu na wa wenye magari, akageuza lenzi kila alipomwona anachungulia. Miezi mitatu baadaye akafa, hakuacha hata picha moja. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kagabo hakuumbuka. Alijenga ghorofa.

Akarudisha chipu ya pili: Ariane hayupo. Akaweka ya tatu: yupo, tena amesogeza kiti mbele kidogo ili aone vizuri. Akamsalimia fundi kwa kichwa. Damascène akaitikia, kisha akainama juu ya meza akalia kwa haya.

Saa nane mchana Bibi Mukandekezi akapiga simu.

"Damascène, mwana wanjye, macho yangu imebaki kidogo tu. Kama Ariane iko ndani ya hiyo kanda, unionyeshe kabla macho haijaisha."

"Yego, Mukecuru. Ndiyo Bibi, iko ndani."

Jioni Kagabo akapita kukagua. Aliangalia picha za chipu zote mbili akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Hii ya nukta sitaki," akasema. "Weka ile safi."

"Ile safi haimwonyeshi Ariane, Muzee."

"Ndiyo maana iko safi."

Akauliza hali ya watoto, akaaga vizuri, akaenda zake. Damascène akalehemu ya tatu. Tangu azaliwe hakuwahi kumkaidi mtu mkubwa, na kabla hajamaliza akaunguza kidole.

Jumapili baada ya misa, sebule ya Rebero ilijaa. Bibi alikaa mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwenye shuka lililotundikwa ukutani. Zilipofika hotuba za harusi, Ariane aliinuka kitini, akanyoosha gauni, akashuka kutoka kwenye shuka hadi sakafuni. Wageni wakakunja miguu apite. Shangazi mmoja akamwambia amepungua sana, akamuuliza kama ameshakula.

Kagabo akamshika kiwiko kwa upole. "Umechoka wewe. Njoo upumzike."

Akampeleka chumba cha nyuma, akarudi, akafunga mlango. Ariane hakubisha, njia aliijua. Ukutani kiti chake kikabaki kitupu, na nukta zikaendelea kukizunguka.

"Nimesikia mtu anakohoa," Bibi akasema. "Nani amepita hapa?"

"Mtu wa jikoni, Mama," Kagabo akajibu.

Bibi akageuza uso kuelekea kwenye mlio wa projekta. "Damascène. Ni mtu wa jikoni?"

Sebule yote ikamwangalia. Kagabo pia akamwangalia, bila hasira yoyote.

"Yego, Mukecuru," Damascène akasema. "Ni mtu wa jikoni."

"Basi mpeni na yeye chakula."

Akasogeza kiti karibu zaidi na shuka, akamngoja bintiye hadi kanda ilipokwisha. Kisha akaomba irudishwe mwanzo.