Mfua Kola wa Mfalme

Mume wangu Kagabo akipenda kitu, nyumba nzima hukipenda kwa lazima. Alipopenda njiwa, tulilala na njiwa. Mwaka tisini na moja akawapenda Waingereza waliokufa karne nne zilizopita, nikatamani njiwa warudi.

Alikuwa na sababu, sitamnyima haki yake. Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa kikicheza jioni ukumbini, na mimi Leila, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, Kigali, nilikuwa mke wa kila mfalme na mama wa kila bwana harusi kwa miaka sita. Vita vilipoanza kule kaskazini ikaja amri ya kutotoka nje usiku, ukumbi ukafungwa, tukabaki tunatazamana. Ndipo Kagabo akaokota sokoni kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kimejaa picha za enzi za yule malkia wa Uingereza ambaye hakuolewa. Akasoma kwamba waigizaji wa wakati ule walicheza saa nane mchana, uani, bila taa, watu wamesimama wanatafuna njugu. Alikuja mbio mpaka kwenye cherehani yangu kuniambia kwamba tumepona.

Na kweli tulipona. Léonidas, fundi magari wa Gikondo na mwigizaji mwenzetu, akatupa ua wa gereji yake kwa siku za Jumapili. Lakini Kagabo hakuacha kusoma. Sahani ikiwekwa mkekani anatueleza kwamba wale nao walikula kwa mkono, kwamba walisugua meno kwa kitambaa, kwamba msafiri alilala kitanda kimoja na mtu asiyemjua. Nilimwambia hata Biryogo kuna watu wanaishi, siku moja ajaribu kuwatazama. Akacheka, akafungua ukurasa mwingine.

Ukurasa huo ndio ulioniponza. Ulisema kwamba wanawake hawakuruhusiwa jukwaani, wanaume ndio waliovaa magauni. Siku hiyohiyo akatangaza kwamba malkia wetu atakuwa Léonidas. Jamani, Léonidas ana shingo nene kama gogo la mvule, na sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya bonde! Mimi nikapewa kazi ya kushona zile kola zao pana kama sinia, nizikunje mikunjo mia na kuzikaza kwa wanga wa muhogo. Nilipolalamika, akasema tukiamua kufanya kama wao, tufanye kama wao. Nililia, wala sioni haya kusema. Jukwaani ndipo mahali pekee ambapo watu walinyamaza nikizungumza, na aliyenishusha ni mtu wangu mwenyewe.

Ila mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kitabu kilimfundisha pia kwamba mwigizaji wa zamani hakupewa tamthilia nzima. Alipewa karatasi ndefu iliyoviringishwa, ina maneno yake tu, na kabla ya kila jibu yameandikwa maneno machache ya mwisho ya mwenzake, ili ajue zamu yake. Mengine aliyasikia siku ya kucheza mbele ya watu. Tamthilia yetu iliandikwa na Cassien, mwalimu wa Butare, akaituma kwa basi ndani ya daftari. Kagabo akaapa kwamba hatalifungua. Akafuta na mazoezi ya pamoja. Kisha, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, akanipa daftari lile mimi, niwaandikie wote karatasi zao.

Fikiria. Mtu anakuvua taji, halafu anakushikisha kalamu.

Hadithi ya Cassien ilikuwa ya mfalme anayemwoza binti yake bila kumuuliza mtu. Nikaongeza kitu kimoja tu: kabla ya harusi, mwanamke anayefua kola za mfalme anaingia kusema lake. Maneno yake niliyaweka kichwani mwangu. Jibu la mfalme nililiandika kwenye karatasi ya Kagabo, na kwa wiki mbili alilikariri kila asubuhi huku akinyoa ndevu, akidhani anamwambia Léonidas. Mimi nilijaza pini mdomoni nisije nikacheka.

Jumapili ilipofika kicheko kiliniisha. Kagabo akisimamisha mchezo mbele ya watu, basi nimefukuzwa jukwaani mara mbili, na ya pili Kigali nzima imeona. Nisingepanda tena maishani.

Ua ulifurika. Wengine walikuwa juu ya lori bovu, njugu zinapita mkono kwa mkono. Léonidas aliingia na gauni, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mfalme, ameketi kwenye kiti chake, akauliza, kama karatasi ilivyomwamuru, kama kuna mwingine mwenye neno.

Nikatoka katikati ya watu, karai la maji kichwani.

"Ninalo mimi," nikasema. "Kola iliyo shingoni mwako nimeishona, nimeifua, nimeikausha. Watu wanaisifu shingo yako. Mkono wangu nani ameuona?"

Ua ukanyamaza. Léonidas akafungua karatasi yake akatafuta, hakuna kitu. Kagabo alinitazama. Nilimwona akielewa, polepole, tangu kwenye nyusi mpaka kwenye mdomo, na nikajua sasa anaweza kuniangamiza kwa neno moja. Mtu mmoja juu ya lori akakohoa.

"Nimekukosea mbele za watu," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kunyolea ndevu, "na mbele za watu nakuomba radhi. Njoo usimame hapa kwangu."

Makofi yakalipuka. Machozi yalinitoka, na safari hii hayakuwa ya uchungu. Nilidhani tumemaliza, lakini Kagabo akainua mkono na kuongeza lake, ambalo sikumwandikia.

"Lakini ukija kusimama hapa, kola zangu atazifua nani?"

"Maji haya hapa, mtukufu," nikamjibu, nikamwekea karai mapajani.

Akaivua ile kola shingoni, akaikunjua, akaitumbukiza, akafua mbele ya Gikondo yote mpaka wanga ukageuza maji kuwa meupe, na Léonidas akaja na gauni lake kumsaidia kukamua.