Kusimama kwa Ajili ya Bibi

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba kuanzia sasa kila raia anaruhusiwa kusoma kumbukumbu za vifo vyote nchini, bila kuulizwa sababu.

Hayo yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya vizazi na vifo, kwa herufi za kutisha. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: Kitasa nacho kimefariki. Piteni dirishani.

Wakapita dirishani: kwanza matroni wa bweni, kwa taabu, kisha Kiroboto, msichana wa kidato cha tatu aliyepewa jina hilo kwa udogo na usumbufu wake. Juma lililopita alilia hadi akapewa ruhusa ya kwenda kumzika bibi yake. Akaenda kwa shangazi, akala, akalala, akatazama runinga. Sasa matroni alitaka kuliona jina la marehemu kwa macho yake. Likikosekana, Kiroboto hana shule tena.

Ndani mlikuwa na kimya kama cha chini ya maji. Feni zilizunguka polepole, vumbi likaelea kwenye mwanga kana kwamba limesahau pa kutua. Kila alipopata jina, karani mzee alilisoma kwa sauti, na chumba kizima kikasimama, ndugu na asiye ndugu, kisha kikaketi. Hakuna aliyekumbuka nani alianzisha jambo hilo. Kiroboto alisimama kwa fundi saa, akasimama kwa mapacha, na kila mara alihisi miguu yake ikiiacha sakafu kidogo.

"Mjukuu, bibi yako anaitwa nani?" karani akauliza.

Akamtajia kwa sauti ya msiba, huku akiomba mzee huyo apitiwe na usingizi. Karani akafunua, akafunua, akakohoa, akasoma.

Jina lilikuwepo. Bibi wa watu wengine, jina lilelile. Kiroboto ameokoka.

Watu wakasimama. Mwanamume mmoja akavua kofia. Kiroboto akamwona bibi yake, yule anayekoroma redio ikiimba, anayemfichia sukari kabatini, akielea katika lile vumbi, akizidi kuwa mwepesi.

"Kaeni," akasema. "Jamani, naomba mkae. Wangu hajafa. Nilimuua mimi."

Mabenchi yakalia kwa pamoja.

"Ulimuua kwa nini?" karani akauliza, kalamu mkononi.

"Kwa ajili ya runinga, babu."

"Alinipigia simu asubuhi," matroni akasema taratibu. "Anauliza kama soksi zilikutosha."

"Kumbe ulijua, matroni?"

"Nilitaka kuona utawaacha watu wamsimamie mzima mpaka lini."

"Na huyu wetu je?" karani akasema, kidole bado kwenye jina. "Simameni tena. Huyu ni wa kweli."

Wakasimama. Kiroboto akasimama kuliko wote.

Walipoketi, matroni akamwinamia. "Na babu yako wa mwaka jana?"

Kiroboto akatazama feni.

"Mzima," akasema. "Anakusalimu."