Duara la Mwaisha

Sabiti aliamini kwamba watu wakubwa walikaa kikao mahali fulani, wakanywa chai ya maziwa, wakakubaliana kwamba hema lake lipigwe bondeni. Ushahidi hakuwa nao, wala hakuwahi kuuhitaji. Mwenyekiti wa kambi ndiye aliyemwonyesha kiwanja kwa kidole, bila hata kutoka kivulini, na kidole cha kiongozi, Sabiti alisema, hakijawahi kuelekea penye neema. Kwamba siku ile ya kugawa viwanja yeye mwenyewe alilala mpaka jua likamchoma nyayo, akafika wenzake wameshamaliza mwinuko wote, hilo hakulitia kwenye hesabu.

Ulikuwa mwaka ule ambao sabuni ilitoka kwa kadi na betri za redio zilikuwa hadithi. Kambi ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Rwamgasa, na wachimbaji walilala ndani ya chochote kilichokubali kusimama: nyasi, magunia, nailoni. Sabiti kwa kipimo cha pale alikuwa tajiri. Alikuwa na hema la turubai lililoachwa na wapimaji wa ardhi, lenye viraka saba na mlango wa kufunga kwa kamba. Ndani yake walilala watu wawili, yeye na bintiye Mwaisha wa miezi mitano.

Mama wa Mwaisha, Chiku, alifariki wiki moja baada ya kujifungua. Zahanati ilikuwa na gari, gari halikuwa na petroli, na petroli ilikuwa na wenyewe. Hapo Sabiti alikuwa na haki yake ya kulaumu, na hakuna aliyemnyima. Ila lawama ni kama mbuzi aliyekata kamba, haichagui shamba. Akawalaumu wakubwa kwa homa, kwa ugali ulioungua, na kwa kiatu chake cha kushoto kilichopotea.

Siku ya arobaini mama mkwe wake, Mama Chiku wa Tinde, alimpelekea maneno kupitia kwa mjomba wa marehemu, kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawasemeshani ovyo. Maneno yalikuwa machache. Atakuja mwenyewe kuona mjukuu wake analala wapi. Pakiwa mahali pa mtu, mtoto atabaki na baba yake. Pasipokuwa, ataondoka naye.

Tangu hapo Sabiti hakuwa na kazi nyingine kichwani ila usingizi wa mtu mmoja mfupi asiye na meno.

Kumlaza ubavuni mwake hakuthubutu. Chiku alizoea kumwambia, "Ukilala wewe unakuwa gunia la pamba lililodondoka kwenye lori," na alfajiri moja aliamka akakuta mguu wa mtoto umebanwa chini ya mbavu zake. Kumwekea jiko la mkaa apate joto alijaribu mara moja, mlango umefungwa vizuri. Aliamka kichwa kinagonga kama nyundo, mtoto kalegea kama kitambaa, akatoka naye mbio nje, akamtikisa mpaka mtoto akalia. Akamlaumu muuza mkaa. Kumweka chini kwenye mkeka kulikuwa na siafu, na upepo uliopita chini ya turubai ukitambaa kama mwizi.

Mtu hufikiri kwa kile anachokijua. Seremala angetengeneza kitanda. Mfugaji angetandika ngozi. Sabiti alikuwa mchimbaji, akachukua sururu.

Alichimba ndani ya hema, pembeni mwa mkeka wake, shimo la urefu wa mtoto na kidogo cha ziada, kina chake dhiraa na shubiri. Kuta akazisiliba kwa udongo wa mfinyanzi akazilainisha kwa kiganja. Kwenye kingo akaweka matimba mawili, ile miti ya kuzuia duara, yaani shimo la machimbo, lisiporomoke, japo hili lisingeweza kumwangukia hata panya. Chini akatandika nyasi kavu, juu ya nyasi khanga ya Chiku aliyoikunja mara nne, na juu ya kila kitu kipande cha chandarua kilichoshikiliwa na mawe. Kuzunguka kingo akamwaga majivu, siafu wageuze njia.

Onesmo, mwenzake wa kazi, aliitwa kukagua. Alichuchumaa, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Duara zuri," alisema. "Halina gesi. Hata mimi ningelala."

"Wataalamu wamesoma miaka kumi na sita," Sabiti alisema, "hawajawahi kufikiria hili."

Bhoke, mama wa Kikurya aliyepika chakula pale kambini na kumshika Mwaisha mchana, alichungulia mlangoni.

"Na mvua, Baba Mwaisha?"

"Mvua ya nini mwezi wa tisa?"

"Mwezi wa tisa una mwisho."

"Nimelipiga mfinyanzi, Bhoke. Halipitishi maji."

"Chungu nacho ni mfinyanzi," Bhoke alisema. "Ndiyo maana kinatunza maji." Akarudi kwenye maharage yake.

Mtoto alilala. Alilala chali, mikono juu, kama aliyesalimu amri. Hakuna upepo uliomfikia, hakuna siafu, na Sabiti aligaragara huku na huko bila kumgusa. Wiki tatu zilipita hivyo, naye akawa mtu asiyevumilika. Alikwenda kwa mwenyekiti akamwambia kwamba nchi ingeendeshwa na watu wanaojua kuchimba, watoto wote wangelala. Mwenyekiti alimuuliza kama ana la ziada.

Mama Chiku alifika Ijumaa moja alasiri, mwezi wa kumi, baada ya magari matatu na kivuko. Sabiti alimwona kwa mbali akamtambua kwa mwendo, akachuchumaa kando ya njia na kutazama ardhi, kama inavyompasa mkwe. Mama Chiku naye akajifunika upande wa uso kwa ushungi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mwenzangu yuko wapi?"

"Kalala hemani, mama."

Basi ikawa kazi. Kwao Tinde dini ilizikuta desturi zikiwa zimekaa, zikasogeleana zikaishi pamoja, na desturi ilisema mama mkwe haingii anakolala mkwe wake, hata kuwe na moto. Mama Chiku amesafiri siku mbili kuja kuona mahali ambapo haruhusiwi kupaona. Bhoke alimletea kigoda, akakaa chini ya kipande cha turubai kilichojitokeza juu ya mlango, mgongo ukielekea hemani.

"Ingia wewe," alisema. "Nitauliza, utanijibu. Usinidanganye, mimi nimezaa tisa."

Sabiti akaingia, akapiga magoti kando ya shimo. Nje mbingu ilikuwa imeanza kunguruma, lakini yeye alikuwa kwenye mtihani.

"Kalalaje?"

"Chali, mama."

"Kichwani kuna mto?"

"Hakuna."

"Vizuri. Mto na mtoto mchanga ni maadui. Kafunikwa nzito?"

"Shuka moja, mpaka kifuani. Na chandarua."

"Alaa." Sauti ilikuwa imelainika. "Humo ndani kuna jiko?"

"Halimo, mama. Niliacha."

Sabiti alihisi kifua kinapanuka. Matone ya kwanza yakapiga turubai, makubwa, moja moja, kisha yote kwa pamoja.

"Kalala juu ya nini?"

"Juu ya khanga, mama. Na nyasi kavu."

"Na nyasi ziko juu ya nini?"

"Juu ya ardhi."

"Kitanda hakuna?"

"Ni namna ya kitanda."

"Namna gani?"

Ulimi wa maji ulikuwa umepita chini ya turubai, mwembamba, wa rangi ya chai. Ulisimama kidogo kama mgeni anayetafuta pa kukaa, ukayachukua majivu, ukaingia kwenye shimo.

Mtu yeyote angemwinua mtoto. Hata Sabiti, ungemuuliza siku nyingine, angesema mtoto huinuliwa. Lakini akimwinua ataamka, akiamka atalia, na akilia bibi yake atajua. Na mikono ya mchimbaji ina akili yake: duara likiingia maji, maji hutolewa. Akachukua kikombe cha bati, akapenyeza mkono chini ya chandarua upande wa miguu ya mtoto, akaanza kuteka. Anateka, anamwaga nyuma yake. Anayoyamwaga yanatiririka yanarudi shimoni, kwa kuwa shimo ndilo lililokuwa mahali pa chini kuliko pote bondeni.

"Mkwe wangu, nasikia nini huko?"

"Mvua, mama."

"Mvua inateka maji kwa kikombe?"

Nyasi zikaanza kuelea. Maji yakagusa mgongo wa Mwaisha, naye akavuta pumzi ndefu ile ya watoto, inayokwenda mbali kabla ya kurudi na kilio.

Kilio hakijafika nusu, mlango ulifunguka. Mama Chiku aliingia na matope yake na ushungi wake uliodondoka mabegani, akang'oa chandarua na mawe yake, akamtoa mtoto, akambana kifuani ndani ya nguo. Hapo ndipo alipotazama chini.

Aliona urefu wa lile shimo. Aliona kuta zilizonyooka, udongo uliorundikwa pembeni, na khanga ya mwanawe imelala ndani ya maji.

"Sabiti," alisema. Tangu aolewe Chiku hajawahi kumwita kwa jina. "Hili ulimchimbia nani?"

Naye Sabiti, kwa mara ya kwanza, akaliona. Wiki tatu alilala kando yake na kulisifu kambi nzima, akiona duara. Kumbe alikuwa amechimba kile alichokichimba mara ya mwisho kwa ajili ya Chiku, kikiwa kifupi zaidi. Kikombe kikamtoka mkononi.

Akafungua mdomo. Mwenyekiti alikuwa tayari pale ulimini, na kidole chake.

"Kiwanja nilipewa, mama," alisema. "Shimo nilichimba mimi."

Kisha akakumbuka kwamba mkwe na mama mkwe wamo ndani ya hema moja, akatoka akasimama mvuani, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusimama. Bhoke alimwita bandani kwake. Hakwenda. Alimsikia Mwaisha analia, analalamika, ananyamaza. Alianza kupanga moyoni jinsi atakavyozifunga nguo za mtoto, ni tatu tu, na nani atawasindikiza hadi kwenye lori.

Mvua ilipopungua, sauti ilitoka hemani.

"Uko hapo?"

"Nipo, mama."

"Nilisema pasipokuwa mahali pa mtu, naondoka naye."

"Ndiyo, mama."

"Si mahali pa mtu."

"Si mahali pa mtu, mama."

"Lakini nimeingia chumba cha mkwe wangu. Nirudi Tinde niwaambie hivyo? Waniimbe kisimani?"

Sabiti hakujua kama ni swali lake.

"Basi hiki si chumba chako tena," Mama Chiku alisema. "Ni changu. Mwanamke hawezi kulaumiwa kwa kuingia kwake mwenyewe. Na wewe unajua, anakolala mama mkwe hutii mguu. Kwanza fukia shimo hili nikiwa nimekwenda kwa huyo mama wa maharage. Chimba mfereji huko nje, juu, maji yazunguke. Hapo ndipo pa kuchimba. Kisha ukate miti minne yenye panda, unisimamishie kichanja kifike gotini, fito zibanane, pawe sawa kama meza. Miguu yake uiweke kwenye makopo ya maji, siafu wakaogelee."

"Ndiyo, mama. Mpaka lini?"

"Mpaka atembee. Akitembea, tutamuuliza anataka kwenda wapi."

Alifukia, akachimba mfereji, akakata miti. Jua linazama kichanja kilikuwa kimesimama, na Mwaisha juu yake, chali, anatazama viraka. Bhoke ndiye aliyemwambia hivyo, maana yeye mwenyewe asingeweza tena kuingia kuona.

Akabeba mkeka wake kwa Onesmo, aliyeishi na wenzake watatu ndani ya nailoni iliyowatosha wawili.

"Mpaka lini?" Onesmo aliuliza.

"Mtoto akitembea."

"Ana miezi mingapi?"

"Sita, wiki ijayo."

Onesmo alihesabu kwa vidole, akaishia kwenye mkono wa pili, akawatazama wenzake waliokwisha kujibana.

"Utalala mlangoni," alisema. "Na ukitubiringikia, tunakutoa nje."